Mheshimiwa Meya, tuwekee vibao Ng'ambo

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Zanzibar,

Assalamu alaykum. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, nimezaliwa huku na nimekulia huku, na nina moja tu la kukuomba, tuwekee vibao vya kumbukumbu ya historia yetu.

Kila nikipita Darajani naona watembeza wageni wakifika pale barabarani wanageuza wanarudi na watu wao Mji Mkongwe, kama vile mji umeishia hapo. Mtoto wa skuli ukimuuliza kwanini panaitwa Darajani na daraja halipo hana jibu. Palikuwa na maji pale Mheshimiwa, mkono wa bahari, nyumba za mawe upande ule na sisi ng'ambo ya pili, ndo jina lilivyokuja. Maji yakafukiwa kidogo kidogo ikawa barabara, lakini kwenye makaratasi ya Muingereza mgawanyo ukabaki vile vile, kule mji, huku vibanda vya wenyeji tu.

Sasa humo humo kwenye vibanda, mwaka 1928, watu waligoma kulipa kodi ya ardhi, mana nyumba unajenga mwenyewe kwa miti yako na udongo wako lakini kiwanja cha mtu, akitaka anapandisha, wakasema hatutoi, wanaume kwa wanawake. Hakuna hata jiwe moja la kukumbusha hilo.

Na Raha Leo je? Lile jumba Waingereza walilijenga miaka ya 1940 liwe la mikutano na starehe za watu wa Ng'ambo, na redio nayo ikawekwa Raha Leo, kumbe wamewajengea wapinduzi makao. Januari 12, 1964 serikali inapinduliwa tangazo likatoka redio hiyo hiyo, na waliopindua wakakaa hapo hapo.

Halafu ikaja Michenzani, huku huku Ng'ambo, ramani ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki ya 1968, nyumba za udongo zikavunjwa yakapanda magorofa, moja peke yake limenyooka ardhini kama mita 300. Bibi yangu alihamishiwa gorofa ya nne na kinu chake. Akawa anashuka nacho ngazi zote kila akitaka kutwanga, mana juu jirani wa chini analalamika, na jioni anatandika mkeka mlangoni chini anasema nyumba haina baraza hii, watu watanionea wapi. Alishukuru umeme na maji ya bomba, sitaki kusema uongo, ila baraza aliitaja mpaka anafariki.

Mji Mkongwe umeingia urithi wa dunia tangu 2000 na tunafurahi. Sisi tunaomba kibao Darajani, kimoja Raha Leo, kimoja Kisiwandui alipouliwa Mzee Karume 1972, na mtaa mmoja wa zamani usiguswe. Kwetu Mwembetanga ipo nyumba chokaa imebanduka unaona udongo na boriti za mikoko, baraza lake limekuwa jeusi linang'aa kwa kukaliwa, na mwenyewe keshaanza kutafuta mteja. Njoo siku moja baada ya alasiri, wazee wanakuwepo, na wapo waliosimuliwa ule mgomo na mama zao.

Wako,
Mkaazi wa Mwembetanga