Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kesi za Fedha kati ya Klabu na Ligi

Ndugu wanachama,

Shughuli za chama zimo katika taarifa ya katibu, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia suala lililochukua muda mwingi vikaoni: kesi za fedha kati ya klabu za Uingereza na ligi yao, Ligi Kuu ya England, na zinavyowagusa makatibu na waweka hazina wa klabu za hapa Nairobi.

Kanuni iliyozua mengi ilitaka hasara ya miaka mitatu isizidi pauni milioni 105. Everton ilifika milioni 124.5, na Novemba 2023 ikakatwa pointi 10. Kwenye rufaa haikubisha kwamba ilikosa, ilipinga adhabu tu. Februari 2024 ikarudishiwa pointi 4 kwa kuwa tume ya kwanza ilikosea kisheria: iliilaumu klabu, pasipo msingi, kwa kukosa ukweli, na haikupima adhabu hiyo kwa vigezo vilivyokuwepo kwingine.

Nottingham Forest kikomo chake kilikuwa milioni 61, maana misimu yake miwili ya daraja la pili ilihesabiwa milioni 13 kila mmoja badala ya 35. Ilikipita kwa milioni 34.5. Mchezaji wao Brennan Johnson aliuzwa Septemba 2023, ilhali hesabu zilifungwa Juni 30. Utetezi kwamba walisubiri bei nzuri haukupita. Kilichowapunguzia adhabu, kutoka pointi 6 hadi 4, ni kukiri mapema na kutoa nyaraka bila kuvutana.

Leicester ilishinda rufaa Septemba 2024 kwa tarehe tu. Ilikuwa imeshuka daraja na kukabidhi hisa yake ya ligi, ile inayoipa klabu uanachama, kabla ya Juni 30, 2023, siku ya kufunga hesabu. Bodi ya rufaa ilishika maneno ya kanuni yalivyoandikwa, ikaona ligi haina mamlaka juu yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo hukumu ya kusomwa kwanza, kabla hata ya zile za Manchester City.

Za City zisichanganywe. Mashtaka ya Februari 2023, ya kudaiwa kuvunja kanuni za fedha, ni kesi ya kivyake. Ile ya udhamini kutoka kwa kampuni zenye uhusiano na wamiliki ndiyo iliyotoa uamuzi wa 2024: kanuni za ligi za kukagua bei ya udhamini huo zilivunja sheria ya ushindani kwa kuiacha nje mikopo ya wenye hisa isiyo na riba, na klabu ilinyimwa nafasi ya kuona takwimu za kulinganishia bei kabla ya kuamuliwa.

Mikopo hiyo tunayo, ila kwetu hupitia M-Pesa. Mfadhili analipa posho za wachezaji kutoka simu yake, hakuna hati, na akigombana na kamati anadai alikopesha. Kila malipo ya namna hiyo yaandikiwe siku hiyohiyo: ni zawadi, mkopo au udhamini, kiasi gani, riba ipo au haipo, yatarudishwa lini, na saini mbili, mojawapo isiwe ya mfadhili.

Barua ya mashtaka ikifika, andika tarehe uliyoipokea juu yake, kwani siku za kujibu kwa kawaida huhesabiwa toka hapo; uamuzi ukitoka, fanya vivyo hivyo kwa ajili ya siku za rufaa. Kisha fungua kanuni za shirikisho. Chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, Jopo la Mizozo ya Michezo husikiliza rufaa dhidi ya shirikisho ikiwa kanuni za shirikisho lenyewe zinairuhusu. Pasipo hilo, pande zote zikubali na jopo liridhie. Ukikimbilia Mahakama Kuu kabla ya kumaliza njia za ndani, kuna hatari kubwa ya kurudishwa bila hoja yako kusikilizwa, na gharama za wakili umeshalipa.

Mfano wa hati ya mkopo unapatikana kwa katibu. Malipo ya zamani yaandikiwe hati yenye tarehe ya leo, ikieleza pesa zilitoka lini; kurudisha tarehe nyuma ni kughushi, na taarifa ya M-Pesa itaianika.

Mwenyekiti