Risasi yenye ncha kwenye bunduki ya wenzo: rekebisheni haraka

Mhariri, habari za kazi. Ile makala yenu ya kuwinda nyati kwa bunduki ya wenzo, yaani ile unayoikoki kwa kusukuma mkono wa chuma uliozunguka triga, nimeisoma yote na nimeipenda, ila pale mliposema mtu achukue risasi yoyote mradi ni ya .45 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), hapo hapana jamani, mtaumiza watu.

Bunduki nyingi za aina hii magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu, risasi zinapangana moja nyuma ya nyingine, ncha ya iliyo nyuma inagusa fataki (kile kitako kinachowasha baruti) ya iliyo mbele. Sasa ukiweka yenye ncha kali na ngumu, bunduki ikipiga teke au hata ikianguka tu, ncha inaweza kugonga fataki ikalipuka humo humo ndani ya bomba na mkono wako wa kushoto ndo umeshika hapo hapo. Ndio maana tangu zamani risasi zake ni kichwa bapa au cha mviringo, na za siku hizi zenye ncha ni zile tu zilizotengenezwa na plastiki laini mbele. Picha mliyoweka ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, nayo haiwasaidii, yeye 1909 alikuja Afrika Mashariki na Winchester 1895 ya .405 ambayo magazini yake ni boksi, halafu pembeni alikuwa na bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili kwa wanyama wazito.

Halafu hii habari ya kipimo. Hapa kwetu bunduki ya nyati inatakiwa iwe .375 kwenda juu, kwa hiyo mtu akiona .45-70, aina mojawapo ya risasi za .45, anasema nimeshavuka. Upana kavuka kweli, lakini hiyo ni risasi ya jeshi la Marekani ya 1873, enzi za baruti nyeusi, greni 405 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) zinatoka kwa mita kama 400 kwa sekunde, wakati .458 Winchester Magnum yenye upana ule ule inarusha greni 500 kwa mita 600 na ushee. Mbaya zaidi ni zile nyepesi za greni 300 zenye tundu kichwani, za kulungu wa kwao huko, zinafunguka mapema mno. Nimewahi kuchuna nyama kambini Selous, risasi ya hivyo nimeitoa kwa kisu begani mwa nyati, imekuwa bapa kama kizibo cha soda, imeishia kwenye nyama hata mbavu haijafika, na mbavu za nyati ni pana na zimebanana. Nyati yule alimaliziwa na mwindaji bingwa, na waliotangulia kichakani kufuata damu ni vijana wasoma nyayo, mgeni aliyepiga kabaki kwenye gari. Hilo linaniuma mpaka leo.

Anayeng'ang'ania .45-70 atafute risasi nzito isiyofunguka, ya shaba tupu au ya madini ya risasi yaliyochanganywa yakawa magumu, kichwa bapa, asogee karibu kabisa kabla ya kupiga. Na aangalie boksi limeandikwa ni za bunduki gani, maana zile zilizojazwa nguvu kwa ajili ya bunduki za wenzo za Marlin za kisasa zinaweza kupasua bunduki kongwe ya babu yake.

Naomba ule mstari wa "risasi yoyote" muurekebishe toleo lijalo, na muuweke ukurasa ule ule, sio kwenye kona ya chini ambako hakuna anayesoma.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam