Malalamiko Kuhusu Kebo Zinazokwamisha Kasi Tunayolipia

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KOMPYUTA ZILIZOUNGANISHWA KWA KEBO KUTOVUKA MEGABITI 94 KWA SEKUNDE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunalipia kifurushi cha megabiti 500 kwa sekunde. Kompyuta tatu zilizochomekwa kwa kebo kwenye ruta yenu hazivuki 94, saa yoyote. Chumba hichohicho, kompyuta mpakato inayotumia Wi-Fi ya ruta hiyohiyo inapata zaidi ya 400. Kwa hiyo laini inayoingia jengoni ni nzima, na ruta inaipokea vizuri. Kasoro iko kati ya ruta na kompyuta, mahali alipofanya kazi fundi wenu.

Hiyo 94 ina maana yake. Mlango wa mtandao uliounganishwa kwa kasi ya megabiti 100, ukitoa nafasi inayochukuliwa na vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande cha data), hubakiwa na data ya 94 au 95 hivi. Tulipotazama hali ya kadi ya mtandao, Windows ilionyesha 100 Mbps, na kwenye Linux amri ya ethtool ikatoa jibu hilohilo, ilhali kadi na ruta zote zinamudu 1000.

Kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1000, hupita kwenye jozi zote nne za kebo, yaani nyaya nane. Megabiti 100 hutosheka na jozi mbili: pini 1 na 2, 3 na 6. Kebo mbili zilizokuja ndani ya boksi la ruta zina nyaya nne tu. Ukiimulika plagi utaona pini 4, 5, 7 na 8 ziko tupu. Na boksi lenyewe limeandikwa gigabiti!

Kebo ya tatu, iliyopitishwa ukutani, ina nyaya nane, ila waya wa kahawia haukufika kwenye pini ya 8. Msokoto wa jozi umefumuliwa karibu sentimita 4 kabla ya plagi, wakati kiwango kinaruhusu milimita 13. Tena si shaba tupu: ukiukwangua waya kwa kisu, ndani ni mweupe, alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani mkubwa zaidi na inayokatika upesi ikikunjwa.

Tulichomeka kebo ya Cat5e (daraja la kebo linalomudu gigabiti) ya mita 2 yenye nyaya nane, kompyuta ileile, mlango uleule wa ruta. Kadi ikaonyesha 1000, na kipimo kikafika 480. Hatukugusa kitu kingine.

Wahudumu wenu wa simu, kila tukipiga, wanaagiza ruta izimwe na kuwashwa. Mmoja alituelekeza tuifunge kadi kwenye 100 Full Duplex (megabiti 100, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) kwa mkono, na huo ni ushauri mbaya kuliko tatizo. Kadi ikifungwa hivyo huacha kujadiliana kasi na ruta. Ruta, isiposikia majadiliano, huchukua half duplex, kutuma na kupokea kwa zamu. Upande mmoja unatuma wakati wowote, mwingine unahesabu migongano, na pakiti zinapotea kila data inapopita pande zote mbili kwa pamoja. Kipimo cha ping, kinachotuma pakiti ndogo mojamoja, hakitaonyesha lolote.

Tunadai yafuatayo ndani ya siku 7 za kazi: kebo za shaba tupu zenye nyaya nane, Cat5e au zaidi, kebo ya ukutani ibadilishwe na ncha zake zote mbili zifungwe kwa T568B (mpangilio sanifu wa rangi za nyaya kwenye pini), na ipimwe kwa kifaa kinachopima mwingiliano wa jozi (mawimbi ya jozi moja kuvujia nyingine). Kijaribio cha taa hakitoshi, kwani nyaya za jozi tofauti zikichanganywa sawasawa ncha zote mbili, taa zitawaka kwa mpangilio kana kwamba kebo ni nzima. Tunaomba pia ankara ipunguzwe kuanzia siku ya ufungaji, na wahudumu waanze kwa kumuuliza mteja kadi yake inaonyesha kasi gani kabla ya kumwambia azime ruta.

Picha za plagi na matokeo ya vipimo tumeviambatisha.

Wenu,
Kitengo cha TEHAMA