Kuhusu dashibodi mpya ya ndege yetu

Ndugu wanachama, salaam.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutakutana karakanani, hapa Nakuru, ili tuanze kung'oa vipimo vya mishale na kuandaa nafasi ya skrini mbili za kidijitali. Tafadhali, kila waya ubandikwe jina lake kabla ya kukatwa.

Pampu ya hewa iliyokuwa ikizungusha jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi ili kuonyesha mkao wa ndege) itaondolewa, na vihisi vya kielektroniki ndivyo vitakavyosoma mkao wa ndege. Uzito utapungua, lakini kuanzia hapo karibu kila tutakachokitazama angani kitategemea umeme. Kwa hiyo ninasisitiza tuwe na betri ya akiba yenye saketi yake yenyewe, na kipimo cha kasi pamoja na cha mwinuko vya zamani vibaki mbele ya rubani, kwa kuwa hivyo viwili huendeshwa na shinikizo la hewa pekee, bila waya hata mmoja.

Kihisi cha dira kikae mbali na chuma na nyaya nene za betri. Juzi nilipitisha bisibisi kando yake mezani, na usomaji ukaruka nyuzi zaidi ya 20.

Mirija ya shinikizo tutakayoigusa lazima ipimwe uvujaji. Kisha, tukiweka kwenye vipimo shinikizo la hewa la siku hiyo, skrini isome takriban futi 6,000 ndege ikiwa chini, yaani mwinuko wa Nakuru kutoka usawa wa bahari, sawa na kipimo cha mwinuko cha zamani. Vikitofautiana, haturuki.

Anayeweza kuja na tochi na koleo ya kubania vichwa vya nyaya anijulishe leo.