Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Miezi mitatu haitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa viti hapa Kibuye. Kitinda mimba wetu amelazwa mara tatu katika vituo vya kurekebisha walevi, miezi mitatu kila mara. Mara ya kwanza niliuza mashine ya randa ili nilipe. Alitoka amenawiri, akatoa ushuhuda kanisani, na mwezi haukuisha kabla ya kumkuta mtaani Obunga na kikombe cha chang'aa.

Vituo viwili vya kwanza vilimfundisha madhara ya pombe: ini, ubongo, pesa. Hayo aliyajua, angeweza hata kuwafundisha wao. Kituo cha tatu alimpata mshauri aliyemwuliza, "Kabla hujainua kikombe, huwa unajiambia nini?" Alinyamaza siku mbili, kisha akasema huwa anamsikia baba: wewe ni bure kabisa. Mteja akilalamika kidogo tu, sauti ile inaamka, na chang'aa ndiyo inayoizima.

Baba huyo ni wangu pia. Ila mimi nilipelekwa Seme kwa nyanya nikiwa mdogo. Yeye alibaki.

Mshauri alitueleza kuhusu tiba ya skima, iliyobuniwa na Mmarekani Jeffrey Young. Skima ni imani inayoota ndani ya mtu tangu utotoni: nitaachwa, sina thamani, hakuna wa kuaminika. Young aliorodhesha 18. Halafu kuna hali zinazompanda mtu, kama tunavyosema amepandwa na hasira. Kuna mtoto aliyeumia, kuna mzazi anayeadhibu kichwani hata kama aliyekuzaa alishazikwa, na kuna mlinzi anayekufanya usihisi chochote. Pombe ni silaha ya huyo mlinzi. Ukimnyang'anya bila kumpa nyingine, umemfungia mtoto chumba kimoja na mzazi yule.

Sisemi ni dawa ya ajabu. Samuel Ball wa Chuo Kikuu cha Yale aliirekebisha kwa ajili ya watu wenye uraibu, na katika majaribio haikuushinda ushauri wa kawaida kila mara. Lakini kwa ndugu yangu, swali lile moja lilimfikia mahali ambapo picha za ini lililooza hazikufika.

Sasa ombi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti huduma za afya, na humo humo leseni za vileo. Ofisi zenu zinapokea ada ya baa na pia zinampokea anayetoka baa akiwa hoi. Tafadhali, sehemu ya ada hizo iajiri washauri katika zahanati za mitaani, ili mtu aendelee kuonwa baada ya kutoka kituoni. Leo ukifika getini unaambiwa umwombee mgonjwa wako. Kuomba tunaomba, Mheshimiwa.

Ndugu yangu yuko hapa karakanani, anapiga msasa. Mshauri wake alihamia Nairobi mwezi uliopita, na mwingine hatujampata.

Wako,
Fundi wa Kibuye