Viyoyozi vipangiwe kazi mapema

Ndugu Mhariri,

Katika ofisi nyingi za katikati ya jiji viyoyozi huwashwa asubuhi na kuachwa vikivuma hadi jioni, hata kwenye vyumba vitupu (mimi huvaa sweta mwezi Februari!). Ipo programu inayosoma utabiri wa hali ya hewa, idadi ya watu wanaotarajiwa na tabia ya jengo lenyewe, kisha ikapanga saa kadhaa mbele, ili sakafu na kuta za zege zipoozwe kabla ya jua kali, badala ya mitambo kuhangaika joto likishaingia. Nchi za baridi huitumia kupasha nyumba joto. Hapa ianze kwenye majengo ya umma, ila madirisha ya magharibi yawekewe vivuli kwanza.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam