Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Uchaguzi wa Kaunti Yetu: Turudishie Kituo Chetu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeileta ofisini kwako kwa mkono wangu. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa hapa jimbo la Georgia, Marekani, kwa sababu Jumanne ile ya uchaguzi wa mchujo wa vyama wengi waliondoka kwenye foleni bila kupiga kura, na hadi leo wanadhani kosa ni lao.

Mimi natunza wazee usiku. Siku hiyo sikulala. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja hadi shule ya mtaani kwetu, tulikopigia kura miaka yote, nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni: kituo kimehamishwa. Nikapanda mabasi mawili. Kufika, foleni imezunguka jengo mpaka kwenye maegesho, na ndani zipo mashine 4, moja imezimwa. Nilisimama kwa muda wa saa tano na ushee.

Mbele yangu alikuwa jirani yangu, bibi wa miaka 84, mzaliwa wa Alabama, amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Jua la Mei linamwakia utosini. Nilikuwa na chupa ya maji mkobani, nikasita, maana sheria ya jimbo hili ya 2021 inakataza kumpa mpiga kura maji au chakula ndani ya futi 150 za jengo la kupigia kura. Nikampa. Kama nimekosa, jina langu unalo.

Bibi huyo alinisimulia jinsi karani alivyompa baba yake kifungu cha Katiba akifafanue ndipo aandikishwe kupiga kura, akamfelisha, akarudi, akamfelisha tena. Ndiyo maana Machi 7, 1965 watu wapatao 600 waliandamana pale Selma, Alabama, wakapigwa na polisi kwa virungu na gesi kwenye daraja, na kijana mpigania haki John Lewis akapasuliwa fuvu. Agosti mwaka huohuo Rais Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kwa sheria ile Georgia haikuweza kuhamisha hata kituo kimoja bila kwanza kupata kibali cha serikali kuu kule Washington. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, ikauondoa ulazima huo. Tangu hapo mnahamisha mnavyotaka.

Ulikuja kanisani kwetu Februari. Ulisema hakuna kituo kitakachoguswa kabla hatujaambiwa. Nilikaa safu ya pili, nilikusikia.

Nasikia sababu ni bajeti. Sijaonyeshwa hesabu yoyote. Ninachojua ni kwamba ng'ambo ya barabara kuu, kwenye majumba makubwa, mfanyakazi mwenzangu alipiga kura kwa dakika kumi kwenye kituo chake kilekile. Nadhani mmeona sisi ni watu weusi, wakimbizi na wapangaji, tutanyamaza. Hatunyamazi, Mheshimiwa. Mwaka 1963 kule Washington, huyohuyo Lewis, kijana wa miaka 23, aliwaambia waandamanaji kwamba "mtu mmoja, kura moja" ni kilio cha Afrika, na kwamba ni kilio chao pia. Basi kilio hicho ni changu mara mbili: nimezaliwa nacho Tanga, na nimekiapia hapa siku nilipopewa uraia.

Saa saba mchana miguu ya bibi ilikuwa imevimba hadi viatu havimtoshi. Mjukuu wake akaja kumchukua. Mlango wa kituo ulikuwa hatua chache tu. Aliondoka ameshika kitambulisho chake mkononi, hakupiga kura.

Siombi uje kutuomba radhi. Novemba haiko mbali. Turudishie kituo chetu cha shuleni. Shule ipo, ukumbi upo, funguo anazo mlinzi. Turudishie kituo chetu.

Ni mimi,
raia na mpiga kura wa kaunti yako